Jumamosi Ni Yako: Mwongozo wa Opea Mpya Ujerumani, wa Treni na wa Jukwaani

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa siku ileile niliyotua: mtoto wa miaka mitatu, mwingine wa miaka sita, na ratiba ya wiki iliyobandikwa kwenye friji. Nilitoka Tanga nikafikia kijiji kimoja kati ya Leipzig na Halle, nina cheti cha Kijerumani cha A1, ngazi ya chini kabisa, na visa ya au pair, yaani opea, kijana anayekaa na familia, akisaidia watoto huku anajifunza lugha. Miezi mitatu ya mwanzo sikwenda popote. Jumamosi nilijifungia chumbani nikipiga simu nyumbani, na Jumatatu mwalimu wa kozi akiuliza wikiendi ilikuwaje, nilijibu neno lilelile moja: schön. Nzuri. Hakuna la kuongeza, kwa sababu hakuna lililotokea.

Nakuandikia wewe mdogo wangu unayepakia sanduku sasa hivi, uwe wa Tanga, Mombasa au Bujumbura. Habari za visa na ubalozi utazipata kwingine. Mimi nazungumzia siku zako za mapumziko, maana Kijerumani changu nilikiokota zaidi ndani ya treni na kwenye viti vya ukumbi wa maigizo kuliko kwenye meza ya chakula ya familia niliyokaa nayo, ambako nilikuwa nikisikia "kula mboga zako" kutwa mara tatu.

Hatua ya kwanza: mkataba kabla ya ramani

Anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaomba visa hii akiwa ametimiza miaka 18 na hajafikisha 27, na anakaa kati ya miezi 6 na mwaka mmoja. Kazi zako zote, pamoja na kubaki na watoto wazazi wakitoka jioni, zisizidi saa 30 kwa wiki wala saa 6 kwa siku. Una haki ya siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, jioni nne ambazo hudaiwi, walau Jumapili moja kamili kila mwezi, na likizo ya wiki 4 ukikaa mwaka mzima. Posho ni euro 280 kwa mwezi. Chumba, chakula na bima ni juu ya familia, na kozi ya lugha wanaichangia euro 70 kwa mwezi.

Haya yote yapo kwenye karatasi. Tatizo si karatasi, tatizo ni malezi yetu. Sisi tumefundwa kwamba mkubwa akikuuliza "una shughuli Jumamosi?" jibu la adabu ni "hapana, sina". Kwa Mjerumani jibu hilo halina adabu yoyote ndani yake, ni taarifa tu: huyu yupo, basi anaweza kubaki na watoto. Nimeshuhudia opea wenzangu wakilia kwa kunyang'anywa wikiendi ambazo wao wenyewe walizitoa kwa mdomo wao.

Dawa nimeipata jikoni. Familia nyingi zenye watoto zina kalenda ndefu ya ukutani yenye safu moja kwa kila mtu wa nyumba: baba, mama, watoto. Omba safu yako, iandikwe jina lako. Kisha andika humo mapema, kwa kalamu: "Weimar", "Theater, 19.30". Kilichoandikwa kwenye kalenda hiyo Mjerumani anakiheshimu kama alivyoheshimu babu yangu kauli ya kadhi. Usiseme "natamani siku moja niende Dresden". Sema "tarehe 14 nakwenda Dresden, narudi saa nne usiku". Mama mwenyeji wangu, ambaye nilichukua miezi kuthubutu kumwita kwa jina lake la kwanza kama alivyotaka mwenyewe, aliniambia baadaye kwamba alifurahi sana safu yangu ilipoanza kujaa. Alidhani nimeugua upweke. Na kweli nilikuwa nimeugua.

Hatua ya pili: tiketi

Tiketi ya nchi nzima inaitwa Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, Januari 2025 ikapanda hadi 58, na tangu Januari 2026 ni 63. Kwa bei hiyo unapanda mabasi ya mjini, tramu, treni za chini ya ardhi na treni za mikoa kokote Ujerumani, mara utakazo. Treni za mwendo kasi za ICE, wala za masafa marefu za IC, haikupandishi. Ni malipo yanayojirudia kila mwezi yenyewe. Ukitaka kuacha, uiachishe kabla ya tarehe 10 ili iishe mwisho wa mwezi huo. Mwenzangu alisahau, akalipia mwezi mzima aliokuwa nyumbani Moshi kwenye harusi ya dada yake.

Euro 63 katika 280 ni zaidi ya humusi ya posho yako. Kwa hiyo jambo la kuuliza wakati wa mahojiano, kabla hata hujakubali familia, ni hili: tiketi mnalipa ninyi? Familia nyingi hulipa, hasa za vijijini, maana bila basi hufiki kozini. Wakikataa, na wewe unasafiri mara moja tu kwa mwezi, iache. Tafuta wenzako mnunue tiketi ya jimbo ya siku moja. Huku kwetu ni Sachsen-Ticket: mnapanda hadi watu watano, majimbo matatu ya Sachsen, Sachsen-Anhalt na Thüringen, siku za kazi kuanzia saa tatu asubuhi, wikiendi kutwa nzima, hadi saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata. Mkigawana watano, kila mmoja anatoa hela ya sahani ya kababu na soda.

Mambo matatu ya treni sikuambiwa na mtu. La kwanza: kwenye programu ya kutafuta safari chagua treni za mikoa pekee, la sivyo itakuonyesha ICE nawe utaipanda kwa furaha, na faini ya kupanda bila tiketi halali huanzia euro 60. La pili: simu ikizima, tiketi nayo imezima. Beba pawabenki, beba na pasipoti, kwa sababu tiketi ina jina lako na mkaguzi anaweza kutaka kulilinganisha. La tatu ndilo lililonipata: treni nyingine hukatwa katikati ya safari. Nusu ya mbele inakwenda huku, nusu ya nyuma inakwenda kule. Wanatangaza, lakini wanatangaza kwa Kijerumani cha haraka kupitia spika mbovu. Nilikuwa nimejipanga kwenda milimani nikajikuta kituo kisicho na hata duka, mimi na mbuzi watatu nyuma ya uzio. Tangu siku hiyo nikipanda naangalia maandishi ya mlangoni mwa behewa, na nikiona mbibi mwenye mkoba wa safari namuuliza. Wabibi wa Kijerumani wanajua treni kuliko wenye treni.

Hatua ya tatu: anza karibu, na beba chakula

Safari ya kwanza isizidi saa moja na nusu kwenda. Mimi nilianzia Leipzig kwenyewe, kanisa la Thomaskirche, kwa kushauriwa na mwalimu. Mimi Mwislamu, nikasita. Akaniambia nenda kama unavyokwenda kusikiliza kasida. Kwaya ya wavulana ya Thomanerchor ilianza mwaka 1212. Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki, aliiongoza kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake limo mle ndani, sakafuni. Nje ya likizo za shule huimba Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri, kwa kiingilio cha euro chache tu. Fika dakika arubaini kabla, viti havingoji. Nilikaa nyuma ya nguzo, sikuona mwimbaji hata mmoja, na nikatoka nimelowa machozi bila kujua nalilia nini.

Safari ya pili, Weimar, mji mdogo unaotembelewa kwa miguu. Mbele ya jumba la maigizo la taifa kuna sanamu ya waandishi Goethe na Schiller, waliosimama hapo tangu 1857, na ndani ya jumba hilo ndimo bunge lilipokaa mwaka 1919 kuandika katiba ya jamhuri iliyobeba jina la mji. Kutoka kituoni basi la mjini hukupeleka juu kilimani Buchenwald, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi. Kiingilio ni bure. Usichanganye sehemu hizo mbili katika siku moja yenye starehe. Nenda Buchenwald siku ambayo huna mpango mwingine jioni.

Ya tatu ni miamba ya Bastei, baada ya Dresden. Unashika treni ya S1 hadi kituo cha Kurort Rathen, unavuka mto Elbe kwa kivuko, unapanda ngazi mpaka daraja la mawe la mwaka 1851. Vaa viatu, si malapa. Hayo yatosha.

Jumapili maduka yamefungwa. Narudia, yamefungwa, isipokuwa baadhi ya yale ya ndani ya vituo vikubwa, nayo bei zake ni za kukomoa. Pika wali Jumamosi, uweke kwenye kontena, na chupa ya chai. Utaona haya mara ya kwanza kufungua pilau ndani ya behewa. Halafu utagundua kila mtu ana mkate wake kwenye boksi, wanakula bila hata kutazamana. Chupa tupu ya plastiki usitupe: nyingi zina rehani ya senti 25, unarudishiwa kwenye mashine ya dukani.

Hatua ya nne: jukwaani, lakini kwa mlango wa watoto

Nyumbani maigizo niliyajua ya shule siku ya wazazi, na ya redioni. Sikujua kwamba huku karibu kila mji wa kadiri una jumba lake la maigizo linalolipiwa kwa kodi, lenye waigizaji wake walioajiriwa, na kila jioni mchezo tofauti: leo vichekesho, kesho opera, yaani mchezo wa kuimbwa, keshokutwa ngoma ya kucheza jukwaani. Leipzig lipo, Halle lipo, Dessau, Magdeburg, Chemnitz, yote unayafikia kwa tiketi yako. Kwa kuwa kodi inabeba gharama, kiti cha nyuma kabisa mara nyingi hakizidi bei ya piza. Msimu unaanza Septemba na kuisha Juni au Julai. Ukiacha hadi kiangazi utakuta milango imefungwa.

Kosa la wengi ni kuanza na mchezo mkubwa wa watu wazima. Unakaa saa tatu, mwigizaji anapiga kelele uchi kwenye matope (haya hutokea, jiandae), huelewi kitu, hurudi tena. Anzia kwa watoto. Leipzig pana Theater der Jungen Welt, lililofunguliwa 1946, jumba kongwe kuliko yote ya kitaalamu ya watoto na vijana Ujerumani. Kila mchezo umeandikwa umri: kuanzia miaka 4, 6, 10 na kuendelea. Mimi nilijitengenezea kipimo changu, hakimo kitabuni: A1 nenda mchezo wa miaka 4, A2 wa miaka 6, B1 wa miaka 10, na ukiweza kucheka pamoja na vijana wa miaka 14 bila kuchelewa, kafanye mtihani wa B2. Mwigizaji wa watoto hutamka kila neno mpaka mwisho, hurudia, na humwonyesha nyoka kabla ya kumtaja.

Novemba na Desemba majumba karibu yote huweka hekaya ya Krismasi kwa ajili ya familia. Jitolee kuwapeleka watoto wa nyumbani. Tiketi yako watanunua wazazi, na saa hizo zinahesabiwa kazi. Sijui faida gani nyingine unaitaka.

Baada ya watoto, nenda kwenye ngoma, kwa sababu haina maneno. Kisha opera: maneno huimbwa polepole, na juu ya jukwaa kwa kawaida pana ubao unaoandika yanayoimbwa, hivyo unasoma na kusikia pamoja. Mchezo wa maneno matupu uwe wa mwisho. Kabla ya kwenda, tafuta maktaba ya mji au nunua vitabu vidogo vya njano vya Reclam; michezo ya zamani yote imo, kwa euro chache, usome kurasa za mwanzo ujue nani mume wa nani. Majumba mengi pia yana maelezo ya bure nusu saa kabla ya mchezo, yanaitwa Einführung. Mzee mmoja husimama ukumbini akaeleza hadithi yote. Wajerumani hawajali kuambiwa mwisho.

Kuhusu bei, neno la kukariri ni ermäßigt, bei iliyopunguzwa. Hutolewa kwa wanafunzi, wanagenzi na vijana wa kujitolea. Opea hatutajwi kila mahali, lakini beba kitambulisho cha shule ya lugha na uulize. Mara nyingi aliye dirishani anakubali. Tiketi zilizobaki huuzwa Abendkasse, dirisha la jioni, ambalo kwa kawaida hufunguliwa saa moja kabla ya mchezo. Na soma nyuma ya tiketi: katika miji mingi ni tiketi ya tramu pia.

Hatua ya tano: jioni yenyewe

Hapa nisikilize sana, hasa wewe unayehesabu saa kwa Kiswahili. Mchezo umeandikwa 19.30. Kwetu hiyo ni saa moja na nusu. Mjerumani atakwambia "halb acht", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno ni "nusu ya nane". Mimi, kwa akili yangu ya nusu inayofuata saa kamili, nikaelewa nane na nusu, yaani 20.30. Kumbe wao nusu wanaihesabu kuelekea saa ijayo: halb acht ni saba na nusu. Nikafika nimejipamba, kanga ya mabegani, manukato, ukumbi wa kupokelea watu mtupu. Mlango ukifungwa haufunguliwi mpaka mapumziko. Bibi anayetunza makoti ya watazamaji akanihurumia, akanipa kiti mbele ya televisheni ndogo inayoonyesha jukwaa kwa mbali kama sisimizi. Ndivyo nilivyoona nusu ya kwanza ya opera yangu ya kwanza. Andika saa kwa tarakimu, kwenye kalenda na kichwani.

Koti na mkoba mkubwa huachwa Garderobe, wakati mwingine bure, wakati mwingine kwa euro moja au mbili. Usiingie na jaketi la baridi, watakurudisha. Nguo: safi inatosha. Utaona wa suruali za jinzi na wa lulu katika safu moja. Ukipita mbele ya waliokaa, wape uso, si mgongo. Kuwapa mgongo wanaona ni utovu wa adabu, na ukifikiria vizuri utawaelewa. Wao watasimama kukupisha, sema danke kwa kila mmoja kama mtu anayepokea mahari.

Makofi ni ya mwisho wa mchezo na ni marefu mno. Waigizaji wanatoka, wanarudi, wanatoka. Ndiyo maana kabla hujanunua tiketi yoyote ya jumba la mbali, tafuta kwanza treni ya mwisho, halafu urefu wa mchezo, halafu ongeza nusu saa ya makofi na foleni ya makoti. Hesabu ikigoma, chagua mchezo wa alasiri ya Jumapili. Mimi niliwahi kulala macho kituoni hadi saa kumi na nusu alfajiri, Februari, kwa sababu niliona aibu kutoka watu wakiwa bado wanapiga makofi. Toka. Hakuna atakayekukumbuka.

Hatua ya sita: wikiendi ya Berlin

Kwa treni za mikoa kutoka Leipzig ni karibu saa tatu na kubadilisha njiani. Lala usiku mmoja kwenye hosteli, chumba cha vitanda vingi, au kwa opea mwenzio.

Jumamosi asubuhi nenda makumbusho ya Museum für Naturkunde. Ukumbi wa kwanza utamkuta mwenyeji wa kwetu: mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, imesimama zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa hiyo ilibebwa na wapagazi hadi pwani, mabegani na vichwani. Soma kibao, kisha simama hapo kwa muda wako, usisukumwe na watoto wa shule.

Mchana panda treni ya chini ya ardhi ya U6 hadi kituo cha Afrikanische Straße. Mtaa ule wote majina yake yatakushtua: Usambarastraße, Sansibarstraße, Ugandastraße. Barabara iliyoitwa kwa jina la mkoloni Carl Peters iligawanywa na kubadilishwa mwaka 2024, sehemu moja sasa ni Maji-Maji-Allee. Upande wa pili wa jiji, Neukölln, tangu 2021 kuna Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanasiasa wetu Lucy Lameck, mahali palipokuwa na jina la Wissmann, gavana wa kikoloni.

Jioni nenda Maxim Gorki Theater, ambako jukwaa kubwa huwa na tafsiri ya Kiingereza juu, na waigizaji wengi wana wazazi waliotoka nchi nyingine. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza Kijerumani chenye lafudhi kikisemwa jukwaani bila kuombwa radhi.

Ukitaka kuvuka mpaka kwenda Prague au Vienna, kibali chako cha ukaazi kinakuruhusu kutembea nchi za Ulaya za mkataba wa Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Beba pasipoti halisi na kadi ya ukaazi, si picha za simu, maana polisi huingia ndani ya treni mipakani. Uingereza haimo.

Jumapili ile ya Berlin, kabla ya treni, nilikwenda Tangastraße. Ni barabara fupi, nyumba za ghorofa, miti, baiskeli zimefungwa. Nikapiga picha kibao nikamtumia mama. Akajibu kwa sauti: "Kumbe Tanga ipo huko? Mbona hakuna mtu njiani?" Nikamwambia ni Jumapili mama, maduka yamefungwa.